Mazoezi ya nyumbani kwa wazee: Tusiwakalishe mpaka miguu ikaisha nguvu



Pita majumbani hapa Utemini baada ya swala ya Alasiri. Utamkuta bibi amekaa mkekani kibarazani, au babu ameegemea ukuta upande wenye kivuli. Akitaka kuinuka akachote maji ya udhu, vijana wanamuwahi: "Kaa babu, tunakuletea." Bibi akishika ufagio ananyang'anywa. Akitaka kuwafungia kuku wake, mjukuu ameshatangulia. Tunafanya hivyo kwa nia njema, na kuwahudumia wazazi ni katika wajibu mkubwa wa dini yetu. Lakini mzee anayezuiwa kusimama leo, kesho na kesho kutwa, baada ya miezi michache hatoweza kusimama hata akitaka.

Misuli ya mapaja isipotumika hunywea. Umri unaipunguza, na kukaa kunaipunguza kwa haraka zaidi. Miguu ikilegea mzee anayumba, akiyumba anaogopa, akiogopa anaacha kwenda msikitini na kwa jirani, basi anazidi kukaa. Huzuni nayo inaingia, hasa kwa aliyefiwa na mwenza wake. Kisha siku moja anaanguka, na mara nyingi si mbali, ni hatua chache tu kati ya kitanda na choo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na wanaokufa zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60.

Sasa tazama swala. Swala ni ibada na wala hatuiswali kwa nia ya mazoezi, lakini hebu tuhesabu. Rakaa za faradhi kwa siku ni 17, zenye sijida 34. Ndani yake mwenye kuswali huinuka kutoka chini mpaka kusimama wima mara 12, mbali na kunyanyuka baada ya salamu. Mzee akihamia kwenye kiti, yote hayo yanakoma. Simlaumu mwenye udhuru, kwani Mtume (SAW) alimruhusu Imran bin Husayn (RA), aliyekuwa mgonjwa, aswali kwa kukaa asipoweza kusimama. Nasema tu kwamba kiti kisiletwe kwa sababu watoto wameona baba amezeeka. Na aliyelazimika kukaa anahitaji mazoezi kuliko mwingine yeyote.

Mazoezi yenyewe hayataki uwanja wala raba. Tafuta kiti imara cha mbao, mgongo wake ukiegemea ukuta. Viti vya plastiki achana navyo, miguu yake hutanuka na kuteleza kwenye sakafu ya saruji. Mzee akae mbele kidogo ya kiti, nyayo zikae sawasawa chini, ainamishe kifua mbele kisha asimame bila kujisukuma kwa mikono, akiweza. Ashuke polepole, asijitupe, maana kule kushuka polepole ndiko kunakojenga paja. Aanze na mara 5, na baada ya wiki kadhaa afike 10. Kisha ashike nondo za dirisha, anyanyue visigino asimame kwa vidole, ashuke, mara 10. Mwisho, akiwa bado ameshika, anyanyue mguu mmoja kwa sekunde 10, halafu wa pili. Akizoea, atashika kwa kidole kimoja tu. Siku tatu au zaidi kwa wiki zinatosha, na ni rahisi kukumbuka ukiyafunga na wakati wa swala, kwa mfano baada ya Adhuhuri.

Awepo mtu pembeni. Mpe mjukuu kazi ya kuhesabu, utaona bibi anavyocheka, na kicheko hicho nacho ni dawa. Kina mama wakiwa ndani hawana cha kuonea haya. Kifua kikibana, pumzi ikikatika au kizunguzungu kikija, aache na apelekwe kwa tabibu. Mwenye maradhi ya moyo, au aliyewahi kupooza, aulize kwanza kabla ya kuanza.

Ndani ya nyumba, hofia zaidi pale pa kutawadhia. Maji, sabuni na ndala zilizolika kisigino haviendi pamoja. Weka kigoda imara atawadhe amekaa, akaushe nyayo kabla ya kusimama, na ukutani pawe na kitu cha kushika. Alfajiri asiinuke kitandani kwa ghafla. Akae kwanza ukingoni mwa kitanda kwa dakika moja hivi, hasa anayetumia dawa za presha, kwani mwili ukisimama ghafla presha huweza kushuka. Tochi iwe karibu na mto. Kanzu au kanga inayoburuta ipunguzwe.

Akianguka na akashindwa kusimama, na ukaona mguu mmoja umekuwa mfupi na umegeukia nje, shuku kuwa mfupa wa paja umevunjika karibu na nyonga. Msimvute, msimkande kwa maji moto, wala msipoteze siku kwa fundi wa kuunga mifupa. Mlazeni kwenye kitu kilichonyooka mumpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Aliyegonga kichwa naye aangaliwe kwa wiki kadhaa, kwa kuwa damu huweza kuvuja ndani taratibu. Akianza kusinzia mchana, kuchanganya maneno au kulalamika kichwa, mpelekeni, na mwambieni daktari kwamba alianguka, hata kama mzee mwenyewe anasema yalikwisha.