Historia inavyoweza kumlaza mtalii wiki nzima Kilosa na Mikumi

MTALII anayelipia ziara ya wiki moja ya kasri za kale katika bonde la mto Loire, Ufaransa, huanzia mara nyingi Chambord. Mfalme Francis wa Kwanza alianza kuijenga mwaka 1519, na ina sehemu 282 za kuotea moto. Kesho yake ni Chenonceau, kasri iliyovuka juu ya mto Cher kama daraja. Keshokutwa ni Cheverny, kisha Villandry.

Getini mtalii huyo anaacha kiingilio tu. Lakini kwa siku zote saba anahitaji kitanda, chakula, gari, mtu wa kumweleza anachokiona na chupa ya mvinyo ya kurudi nayo nyumbani. Kasri ndiyo inayomvuta. Wanaopokea fedha zake ni wengi, na wengine hawajawahi kuingia ndani ya kasri yenyewe.

Si kwamba kasri hizo zilitunzwa na serikali peke yake. Chambord ni mali ya Serikali tangu mwaka 1930, lakini Chenonceau iko mikononi mwa ukoo wa Menier, watengenezaji wa chokoleti, tangu mwaka 1913. Wenye Cheverny walifungua milango kwa wageni mwaka 1922 huku wakiendelea kuishi humo. Villandry ilinunuliwa mwaka 1906 na Joachim Carvallo, aliyerudisha bustani zake za kale. Leo watu husafiri kutoka nchi za mbali kwenda kutazama kabeji na maboga yaliyopandwa kwa mistari na rangi. Mkulima wa hapa anaweza kucheka, lakini kabeji hiyo imelipa mabati ya paa.

Kati ya Kilosa mjini na Mikumi kuna kijiji kinachoitwa Ulaya. Huko hakuna kasri. Hata hivyo, wilaya hiyo ya Mkoa wa Morogoro ina historia ambayo ingeweza kumweka mgeni kwa siku kadhaa, kama ingepangwa na kuuzwa.

Kwa sasa kinachouzwa ni wanyama. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ina kilometa za mraba 3,230, na barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa inapita katikati yake. Ni karibu kilometa 300 kutoka Dar es Salaam, na urahisi huo ni neema na pia ni balaa. Safari ya Mikumi huuzwa kama ya siku moja, au ya usiku mmoja au mbili. Mgeni anaona simba na twiga katika mbuga ya Mkata, anapiga picha, anarudi. Muuza vitunguu wa Malolo na mkulima wa mpunga wa Kilangali hawamwoni.

Wilaya hii ni sehemu kubwa ya Usagara ya zamani, nchi ambayo misafara ya pwani ilipita kwenda bara. Mwaka 1871 Henry Stanley alipita bonde la mto Mkondoa akimtafuta David Livingstone. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 wamisionari wa Kianglikana walikuwa wameshajenga Mamboya. Wakati huohuo Mfaransa, Kapteni Bloyet, alifungua kituo mahali palipoitwa Kondoa, karibu na Kilosa ya leo. Msomaji asichanganye na Kondoa ya Dodoma. Kwa hiyo anayetaka kufuata nyayo za Wafaransa anaweza kuanzia hapahapa, ingawa hataona minara.

Kisha akaja Carl Peters. Novemba na Desemba 1884 Mjerumani huyo alizunguka Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami akiwatia watawala wa huko saini katika karatasi wasizoweza kuzisoma. Februari 27, 1885 Mfalme wa Ujerumani akatoa hati ya kuzilinda nchi hizo. Tanganyika ya Wajerumani ilianzia kwenye milima hii, jambo ambalo msafiri anayepita Kilosa leo haelezwi popote njiani.

Baada ya karatasi zikaja reli na mkonge. Mkonge uliletwa nchini na Dk Richard Hindorf mwaka 1893, na miche 62 tu ndiyo iliyosalimika safarini. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Kigoma mwaka 1914 ikiwa imepitia Kilosa. Kimamba, Rudewa na Msowero zikawa nchi ya mashamba makubwa. Walowezi wa Kigiriki walikuwa wengi humo, na manamba waliletwa kutoka mikoa ya mbali kukata mkonge. Ndiyo maana Kilosa ya leo ina watu wa makabila mengi.

Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa chini ya tani 30,000. Shamba la mkonge likifa huacha nyuma nyumba ya meneja, maghala, njia za reli ndogo na korona, jina la mtambo wa kuchakata mkonge lililokuwepo muda mrefu kabla ya ugonjwa. Kwa mwenye shida ya nyumba, tofali la kuchoma lisilo na mwenyewe ni tofali tu. Huwezi kumlaumu.

Hapo ndipo sheria inapoingia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Lililojengwa baadaye hulindwa endapo Waziri atalitangaza. Karibu kila kitu ambacho mtalii angekuja kukitazama Kilosa ni cha baada ya mwaka huo: misheni, stesheni za Reli ya Kati, nyumba za mashamba. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 1913, jengo la mtu binafsi likishasajiliwa haliwezi kubomolewa bila kibali, na Serikali huweza kuchangia matengenezo yake. Mwenye nyumba anabanwa, lakini pia anasaidiwa. Kubanwa bila kusaidiwa hakuwezi kufanya kazi hapa, hasa pale ambapo shamba lenyewe limetelekezwa na wanakijiji wanalidai kwa ajili ya kilimo.

Usafiri si kisingizio tena kama zamani. Treni ya umeme ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na ina stesheni Kilosa, karibu na mahandaki yaliyotobolewa katika milima. Mgeni angeweza kushuka hapo, akalala mjini, akaenda Kimamba kuona mkonge, siku nyingine Ilonga, kituo cha utafiti kilichotoa mbegu ya mahindi ya Ilonga Composite White, kisha Mamboya. Siku mbili za mwisho angekwenda Mikumi kupitia Ulaya. Masika yachukuliwe kwa tahadhari: mafuriko ya mto Mkondoa yalikata Reli ya Kati kati ya Desemba 2009 na Januari 2010.

Chakula cha wiki hiyo hakihitaji kutoka Dar es Salaam. Nyumba ya wageni ikikubaliana na kikundi cha wakulima bei ya mchele, kuku na vitunguu kabla msimu haujaanza, fedha inafika shambani. Vivyo hivyo kwa waelekezaji. Mzee aliyefanya kazi ya mkonge akiwa kijana anajua kipimo cha mzigo wa siku na adhabu ya asiyeutimiza, na hayo hayamo katika kitabu cha mwongozo. Alipwe kama mtaalamu, si kupewa soda.

Kazi ya kwanza ni ya bei rahisi: halmashauri kuandika orodha ya majengo yaliyobaki, kata kwa kata, pamoja na jina la anayemiliki hati ya kila kiwanja. Bila orodha hiyo Waziri hana cha kutangaza.