Nyumba za Lamu zikarabatiwe pamoja na wenyewe

Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2001. Tangu hapo umesifiwa kote, na sifa hizo unastahili. Hata hivyo, liko swali moja ambalo huulizwa kwa nadra: nyumba ikishakarabatiwa, ni nani atakayelala ndani yake?

Nauliza hivi kwa sababu nyumba ya mawe ya mtaa wa Mkomani haikujengwa iwe pambo. Nyingi kati ya hizo ni za karne ya 18. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake takriban nusu mita, na dari imebebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba, na kwa hivyo vyumba ni virefu na vyembamba, upana wake usifike mita tatu. Mgeni hupokewa katika daka penye viti vya mawe. Akikaribishwa zaidi hupita kiwanda, yaani ua usiofunikwa, kisha misana, na mwisho kabisa ni ndani, penye ukuta wa zidaka zilizonakshiwa. Kila hatua ni ya faragha kuliko ile iliyotangulia.

Tena baba mwenye uwezo alimjengea bintiye nyumba jirani na yake, au akamwongezea ghorofa juu, na mume ndiye aliyehamia kwa mkewe. Wikio, kile chumba kinachovuka juu ya kichochoro, kiliwawezesha wanawake kutembeleana pasipo kuteremka njiani. Mtaa mzima ulikuwa ukoo uliosimamishwa kwa mawe na chokaa. Mwanafunzi anayetaka kujua jamii ya Waswahili iliishije ana kitabu kizima hapo, na hakina haja ya kununuliwa.

Je, ni kipi kinachokivuruga kitabu hicho? Jambo la kwanza ni umaskini wa warithi. Nyumba moja, baada ya vizazi vitatu, huenda ikawa na wenyewe ishirini, wengine wakiwa Mombasa, wengine Arabuni. Hakuna mmoja wao anayeweza kugharimia paa peke yake, wala aliye tayari kulipia fungu la mwenzake. Dari huvuja, boriti huoza, na ndipo mnunuzi wa kutoka ng'ambo anapobisha hodi. Wapo wageni walionunua magofu wakayarudishia uzuri wake kwa ustadi mkubwa, na si haki kuwabeza. Lakini nyumba ambayo mwenyewe huijia majuma machache kwa mwaka haina mtoto wa kwenda chuoni, haina jirani wa kuazimwa chumvi, wala haina mtu wa kuketi darakani jioni. Kuta zimepona, mtaa umekufa.

Jambo la pili ni saruji. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tumewaitika kwa kuuziba kwa saruji! Matumbawe na chokaa hupitisha unyevu, ukaingia na kutoka. Saruji ni ngumu, huufungia ndani pamoja na chumvi. Baada ya muda lipu hubambuka, jiwe hulika, na ncha za boriti zilizomo ukutani huoza bila ya kuonekana. Aliyeziba ufa namna hii atajenga ukuta vilevile.

Anayedhani kwamba haya ni vitisho vitupu na atazame Unguja. Beit-al-Ajaib, jumba la kifalme lililojengwa mwaka wa 1883, lilibomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa wamo kazini kulikarabati. Watu wawili walifariki. Ikiwa jumba maarufu kama lile liliweza kuchelewa hivyo kupata tiba, nyumba ya mjane wa Mkomani itegemee nini?

Kwa maoni yangu, fedha za ukarabati, ziwe za serikali au za wafadhili, zianze na warithi wanaoishi katika nyumba hizo. Wapewe mikopo nafuu, na sehemu ya mikopo hiyo iwe chokaa, boriti na ujira wa fundi, badala ya fedha taslimu ambazo shida nyingine zitazimeza. Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ambayo yalikabidhiwa ngome ya Lamu mwaka wa 1984, yana ujuzi wa kuisimamia kazi hiyo. Walimu nao wasingoje mtaala ubadilishwe. Somo la historia laweza kufundiwa darakani, na la hesabu likaanza kwa urefu wa boriti.

Kisha kuna mafundi wenyewe. Kuchoma matumbawe, kuizima chokaa, kuiacha ikomae na kunakshi lipu ingali mbichi ni kazi inayojifunzwa kwa mkono, kando ya anayeijua, kwa miaka. Vijana wengi wa Lamu wanamaliza shule na kukosa ajira, ilhali nyumba zinazodondoka zimewazunguka. Mradi wowote wa ukarabati utakaotiwa sahihi katika mji ule uwe na sharti hili: kila fundi mzee aandamane na wanagenzi wawili, nao walipwe tangu siku ya kwanza.