Shangingi la mtumba: Likijaa lina faida, likiwa tupu linakula ada

JIRANI zetu wa Tanzania wana jina moja tamu kwa magari makubwa ya kifahari. Huyaita mashangingi. Kwa miaka mingi jina hilo lilikwenda pamoja na mawaziri, wakurugenzi na wakubwa wengine waliokaa kiti cha nyuma huku vioo vimepandishwa. Lakini zama hubadilika. Leo hapa Kampala shangingi lililochoka kidogo utalikuta limeegeshwa nje ya nyumba ya mwalimu, mfanyabiashara wa mahindi au mtumishi wa kawaida kama mimi. Wakubwa wamehamia kwenye mapya, na yale yao ya zamani yameteremka hadi kwetu.

Swali ni je, familia ya kipato cha kati inaweza kulilisha gari la namna hiyo bila kuwanyima watoto ada ya shule? Nimeishi na swali hilo kwa miaka kadhaa sasa, na mwanzoni mwa mwaka huu lilifika mezani kwetu kwa namna ambayo haikukwepeka. Kifungua mimba wetu alipata nafasi katika shule ya bweni. Mama watoto akafunga daftari lake la matumizi, akasema waziwazi kwamba gari likiuzwa, ada ya miaka miwili imepatikana.

Kabla sijaeleza tulivyoamua, msomaji anapaswa kulijua gari lenyewe.

Ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 100, ambayo wengi huku huijua kwa jina la VX. Yale yaliyotokea Uingereza yaliandikwa Amazon. Yalianza kuuzwa mwaka 1998 na uzalishaji wake ukakoma mwaka 2007, mfululizo wa 200 ulipochukua nafasi. Lexus LX470 ni ndugu yake wa damu mwenye mapambo zaidi. Letu linatumia petroli, injini ya V8 ya lita 4.7. Yapo pia ya dizeli yenye injini ya lita 4.2, na hayo ndiyo yanayogombewa zaidi sokoni kwa sababu ya unafuu wa mafuta.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalizingatii ni sheria. Tangu mwaka 2018, Uganda hairuhusu kuingiza nchini gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa. Kwa hesabu rahisi, VX za mwisho za mwaka 2007 zilifikia ukomo huo mwaka 2022. Maana yake ni kwamba VX unayouziwa leo hapa nchini imekwishapigwa na mashimo ya hapa, imekwishanyweshwa mafuta ya hapa na imepita mikononi mwa mafundi wa hapa. Hakuna tena ile ya "imetoka Japani jana". Muuzaji akikwambia hivyo, muombe radhi uende zako.

Kenya wao ni wakali zaidi, kwani gari la mtumba halipaswi kuzidi miaka minane. Ndiyo maana VX iliyotunzwa vizuri bado ina wateja upande wetu.

Bei ya kununua si bei ya gari

Tulipolinunua, bei yake ilikaribiana na ya gari dogo la familia lililoingia nchini karibuni. Hapo ndipo penye mtego wa magari haya. Thamani ya gari hushuka mwaka hadi mwaka, lakini bei ya vipuri haijui kwamba gari limezeeka. Lilipokuwa jipya lilikuwa la tajiri, na hata sasa linakula kama gari la tajiri.

Tuanze na mafuta. Katika foleni za Kampala, letu huenda kilomita 5 kwa lita moja, na siku ya foleni mbaya hata hizo hazifiki. Barabara kuu, nikienda kwa mwendo wa kilomita 80 hadi 90 kwa saa, hufikia kilomita 7. Tangi linabeba lita 96. Kwa kukadiria lita moja kuwa sh 5,000, kulijaza ni sh 480,000. Mwaka 2022, petroli ilipovuka sh 6,000 kwa lita, tangi hilohilo lilikaribia sh 600,000.

Daftari la mama watoto linaonyesha kwamba tulipokuwa tukilitumia kila siku, kwa kazini, shuleni na sokoni, lilitembea kama kilomita 14,000 kwa mwaka. Kwa wastani wa kilomita 6 kwa lita, hizo ni lita zaidi ya 2,300, yaani zaidi ya sh milioni 11.5 za mafuta peke yake. Hapo hujagusa oili, tairi, bima wala fundi.

Halafu kuna mambo ambayo gari dogo halina. Mkanda wa injini ya V8 hubadilishwa kila kilomita 150,000 au mapema zaidi, na fundi mwenye akili hubadilisha na pampu ya maji papo hapo, kwa sababu kazi ya kufungua ni ileile. Mkanda huo ukikatika mkiwa njiani, vali hugongana na pistoni na injini imekwisha. Kwa kuwa kipimo cha kilomita kwenye dashibodi kinaweza kurudishwa nyuma, anayenunua bila ushahidi wa lini mkanda ulibadilishwa, na aubadilishe siku hiyohiyo.

Baadhi ya VX na Lexus zina mfumo wa kupanda na kushuka kwa nguvu ya maji ya haidroliki. Ni raha tupu unapofanya kazi, lakini ukizeeka gari hudunda kama mkokoteni. Wengi huung'oa na kufunga shokapu za kawaida. Breki nazo husaidiwa na pampu ya umeme. Ukiwasha swichi bila kuwasha injini na kukanyaga breki mara kadhaa, utaisikia ikinguruma kisha inanyamaza. Ikinguruma muda mrefu bila kunyamaza, jiandae kwa gharama kubwa, na usisubiri, kwani hizo ni breki za gari lenye uzito wa zaidi ya tani mbili.

Uso wa tajiri

Gharama nyingine haimo kwenye daftari lolote. Ni ile ya kuonekana tajiri. Fundi akiona VX inaingia gereji, bei hupanda kabla hujazima injini. Gereji moja iliwahi kunitaka nibadilishe giaboksi nzima, kumbe kilichohitajika kilikuwa oili mpya ya giaboksi na waya mmoja uliolegea. Tangu hapo nimejiwekea utaratibu. Gari linabaki nyumbani, fundi ninayemwamini anakuja kulifungua, kisha mimi napanda bodaboda na kipuri kibovu kwenye mfuko hadi soko la Kisekka. Muuza vipuri ananiona kama nilivyo, mtu mwenye vumbi la bodaboda, na mazungumzo ya bei yanakuwa ya kibinadamu.

Ndugu na majirani nao wana hesabu zao. Harusi ikitangazwa, gari la bibi harusi ni letu. Kukiwa na msiba, mchango wetu unatarajiwa kuwa mnene. Simlaumu mtu, kwani macho hayana pazia. Tumekubaliana na mama watoto kwamba gari halikodishwi wala haliazimwi bila mmoja wetu kuwa kwenye usukani. Harusini tunakwenda na dereva ni mimi, mafuta anaweka mwenye shughuli.

Wezi wa taa na vioo vya pembeni pia hawajui kwamba tunadaiwa ada. Tumechonga namba ya gari kwenye vioo na taa zote ili zisiwe na soko rahisi.

Kwa nini basi hatukuliuza?

Jibu liko Kabale. Mama yangu mzazi anaishi kijijini, kilomita kadhaa kutoka lami, na magoti yake hayaruhusu tena kupanda basi. Kutoka Kampala hadi Kabale ni zaidi ya kilomita 400. Unapita mstari wa ikweta pale Kayabwe, Lukaya kwenye nyama choma na gonja, Masaka, Lyantonde, Mbarara na Ntungamo. Njia yote hiyo ni lami, na niseme ukweli, gari dogo linapita bila shida. Mwezi Mei 2023, mafuriko yalipokata barabara ya Masaka kwenye daraja la Katonga, magari yalielekezwa kuzunguka kwa njia ya Sembabule, Kanoni na Mpigi. Nako ni lami. Wiki zile tulikuwa tunamleta mama Kampala kwa upasuaji wa macho, na wala si nguvu ya magurudumu manne iliyotufikisha. Kilichotufaa ni nafasi. Mama alikaa kiti cha mbele kilicholazwa nyuma, miguu imenyooshwa, na safari iliyorefuka kwa saa kadhaa aliimaliza bila kulia maumivu.

Magurudumu manne hufanya kazi yake kwenye kilomita zile za mwisho tu. Masika ya Machi hadi Mei na mvua za Septemba hadi Novemba hugeuza udongo wa mlima wetu kuwa sabuni. Pale gari dogo hubaki barabarani na mama hubebwa na vijana. Sisi tunafunga difu ya kati, tunaingiza gia ya nguvu, tunapanda polepole hadi mlangoni.

Hesabu ya pili ni ya idadi. Sisi ni wanane: wazazi wawili, watoto wanne, bibi yao na dada anayetusaidia nyumbani. VX ina viti vinane. Nauli ya basi ikiwa sh 40,000 kwa mtu, wanane ni sh 320,000 kwenda tu, na msimu wa Krismasi nauli hupanda. Petroli ya safari hiyohiyo, kama lita 59, ni sh 295,000. Kwa gari lililojaa, tofauti hiyo ndogo iko upande wetu, ingawa haihesabu uchakavu. Lakini nikikaa peke yangu kwenye usukani kwenda kazini, mtu mmoja anasukuma tani mbili na nusu za chuma kwa fedha za ada.

Huo ndio ukawa msingi wa uamuzi wetu. Gari hili ni basi la familia, si gari la kazini. Jumatatu hadi Ijumaa linalala. Mimi napanda teksi, watoto wa shule ya jirani wanatembea na mama yao. Linatoka kwa mgonjwa, kwa safari ya kijijini, kupeleka na kurudisha watoto wa bweni, na kubeba mizigo mizito. Kwa mpango huo tunatembea kama kilomita 6,000 kwa mwaka, nyingi zikiwa za barabara kuu. Mafuta yameshuka hadi sh milioni 4.3 hivi. Tukiondoa nauli zetu za mjini, kinachobaki kinaingia moja kwa moja kwenye ada ya bweni.

Mama watoto aliongeza sharti moja, nami nikalitia saini kwenye daftari. Kila mwezi tunatenga fedha za matengenezo hata gari likiwa zima. Mfuko huo ukiisha kabla ya mwaka kwisha, gari linauzwa bila mjadala. Hadi naandika makala hii, mfuko bado una kitu, lakini si kingi. Tairi mbili zinakaribia kwisha, na kwenye gari linaloendesha magurudumu yote manne wakati wote huwezi kuchanganya tairi mpya na kipara. Ni nne kwa pamoja.

Ukilitaka, zingatia haya

Kwanza, lisikilize likiwa la baridi. Mlio wa "tik-tik" asubuhi unaopungua injini ikipata joto unaweza kuwa ufa kwenye bomba la moshi linaloshikana na injini. Pili, angalia boljointi za mbele, kwa sababu kwenye VX hubeba uzito mkubwa, na ikichomoka tairi hulala. Tatu, soma tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye kashata nzuri inaweza kuwa imekufa kwa uzee.

Nne, ukibeba watoto viti vya nyuma kabisa, kumbuka kwamba nafasi ya mizigo imekwisha. Usirundike magunia juu ya paa, kwani gari refu lililolemewa juu hupinduka upesi kwenye kona. Kila mtoto afunge mkanda. Kwenye miteremko ya Kabale shusha gia, iache injini ishike gari, maana breki zikipata moto gari zito halisimami.

Mwisho, nunueni pamoja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na gari la namna hii ni mali inayokula usiku na mchana. Kama nyumbani kwako hamjai viti vitano na njia yako yote ni lami, gari dogo linakutosha, na hakuna aibu ndani yake. Kama mnajaza vinane na kuna mzee anayewasubiri juu ya mlima wa utelezi, shangingi la mtumba linaweza kuwa rafiki. Ila lilipie ada yake kwanza kwa kulilaza siku tano kati ya saba.