Bima ya Afya ya Mtoto Baada ya Talaka

Nchini Tanzania, kifungu cha 129 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamtwika baba jukumu la kuwatunza watoto wake hata wanapoishi na mama yao, lakini kinataja malazi, mavazi, chakula na elimu bila kuyataja matibabu. Pengo hilo lilizibwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayohesabu matibabu, pamoja na chanjo, miongoni mwa haki ambazo mtoto anamdai mzazi.

Talaka humtoa mwenzi katika orodha ya wategemezi, yaani wanaotibiwa kwa uanachama wa mchangiaji wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ila haimtoi mtoto. Hata hivyo, kwa kuwa mtumishi huandikisha wategemezi wanne tu mbali na mwenzi, baba akioa tena na kupata watoto wengine, yule wa ndoa ya kwanza aweza kusukumwa nje, jambo lisilo la haki hata kidogo. Kwa hiyo amri ya matunzo, yaani uamuzi wa mahakama kuhusu gharama za mtoto, yafaa itamke wazi ni nani atakayemwandikisha na nani atakayelipia dawa zisizogharimiwa na bima.