Nuru Halali Barabarani: Uchaguzi wa Globu za Taa za Mbele za Gari katika Nyanda za Juu Kusini

Barabara kuu iendayo Zambia huukwea Mlima Kitonga, ikapita Ilula na Iringa, kisha ikakata misitu ya Mufindi, ikafika Makambako, na hatimaye ikateremka Igawa na Chimala kabla ya kupanda tena kuelekea Uyole na Mbeya. Kutoka Iringa hadi Mbeya ni kilometa zipatazo 330. Mchana msafiri huitazama misindano ya Sao Hill na mashamba ya alizeti kwa mbali. Usiku mambo ni mengine. Dereva haoni nchi. Huona kile kipande kidogo cha lami ambacho taa zake zimemruhusu kukiona.

Ndani ya kipande hicho yaweza kutokea baiskeli isiyo na taa, iliyosheheni magunia ya mkaa. Aweza kutokea mama aliyevaa nguo nyeusi, atokaye kilabuni au hospitali. Laweza kutokea lori lililoharibika, ambalo ilani yake pekee ni matawi ya miti yaliyotandazwa barabarani. Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti huongezeka baridi na ukungu wa Mufindi, na vilevile ule wa milima ya Uporoto katika njia ya Tukuyu.

Si ajabu basi kwamba wenye magari wengi hutafuta globu zenye nuru zaidi. Katika maduka ya vipuri ya Mwanjelwa mjini Mbeya, kama katika maduka ya Iringa, mnunuzi huwekewa mezani aina nyingi: globu ya kawaida, globu ya wati 100, globu ya rangi ya buluu, na vifaa vya LED vyenye feni ndogo nyuma. Kila pakiti yadai kushinda nyingine. Ipi inaongeza nuru kweli, na ipi ni halali? Majibu yanapatikana katika fizikia ya shule ya sekondari.

UMBALI WA KUONA NA UMBALI WA KUSIMAMA

Taa ya mbele ina kazi mbili. Mwanga wa mbali, ambao madereva huuita "fulu", humulika barabara tupu. Mwanga wa karibu, yaani "dimu", hutumika wakati wa kupishana na magari mengine. Mkataba wa Vienna wa Usafiri Barabarani wa mwaka 1968 unadai kwamba, usiku usio na ukungu, fulu imulike vya kutosha umbali usiopungua meta 100, na dimu umbali usiopungua meta 40 bila kuwapofusha wengine.

Sasa yafaa kupiga hesabu. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa hupita meta 22 kila sekunde. Dereva mwenye akili timamu huchukua kama sekunde moja na nusu kutambua hatari na kukanyaga breki; katika muda huo gari limekwisha kwenda meta 33. Breki nzuri kwenye lami kavu hupunguza mwendo kwa meta 6 kwa sekunde katika kila sekunde, nazo hudai meta 41 zaidi. Jumla ni takriban meta 74. Mtu aliyevaa nguo nyeusi, kwa dimu ya kawaida, mara nyingi haonekani mpaka awe umbali wa meta 50 au pungufu. Maana yake ni kwamba dereva huyo amekwisha chelewa kabla hajaona.

Kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa, ambao ndio kikomo cha sheria ya Tanzania katika maeneo ya makazi, jumla hiyo hushuka hadi meta 37. Hapo ndipo umbali wa kusimama huingia ndani ya zile meta 40 za dimu.

Je, globu yenye nuru zaidi inasaidia kiasi gani? Mwanafunzi atakumbuka kwamba nguvu ya mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: umbali ukiwa mara mbili, mwanga unaofika ni robo tu. Kwa hiyo nuru ikiongezwa kwa asilimia 30, umbali wa kuona hauongezeki kwa asilimia 30 bali kwa asilimia 14 hivi, yaani kutoka meta 50 hadi meta 57. Faida ni meta 7. Dereva yuleyule akipunguza mwendo kutoka kilometa 80 hadi 70 kwa saa, umbali wake wa kusimama hupungua kwa meta 14. Mguu unaolegezwa kwenye mafuta humpa mara mbili ya faida ya globu, tena bila gharama.

GLOBU YA HALOJENI NA MAANA YA "HALALI"

Magari mengi yapitayo Iringa na Mbeya hutumia globu za halojeni. Mwaka 1959 kampuni ya General Electric ya Marekani ilipata hataza ya globu ya namna hii, na magari ya Ulaya yakaanza kuitumia mwaka 1962. Ndani yake mna uzi wa tangsteni unaowaka kwa joto kali. Katika globu ya zamani, chembe za tangsteni zilizotoka kwenye uzi ziligandamana na kioo na kukifanya cheusi. Katika globu hii, gesi ya jamii ya halojeni, kama vile iodini au bromini, huungana na chembe hizo karibu na kioo na kuzirudisha kwenye uzi. Kwa hiyo kioo hubaki cheupe na uzi huweza kuwashwa kwa joto zaidi. Hii pia ndiyo sababu fundi mwangalifu hashiki kioo cha globu kwa vidole vitupu: mafuta ya ngozi hubaki juu yake, sehemu hiyo ikapata joto kupita kiasi, na globu ikafa mapema.

Kanuni Na. 37 ya Umoja wa Mataifa, iliyo chini ya makubaliano ya Geneva ya mwaka 1958, huweka vipimo vya globu hizi. Globu ya H4 ya volti 12 ina nyuzi mbili: wati 60 kwa fulu na wati 55 kwa dimu. Ikipimwa kwa volti 13.2 hutoa lumeni 1,650 na 1,000, na tofauti inayoruhusiwa ni asilimia 15. Globu ya H7 ina uzi mmoja wa wati 55 na lumeni 1,500, na tofauti inayoruhusiwa ni asilimia 10. Globu iliyokubaliwa huandikwa herufi E ndani ya duara pamoja na namba. Namba hiyo si daraja la ubora. Ni ishara ya nchi iliyotoa kibali: 1 ni Ujerumani, 2 ni Ufaransa, 4 ni Uholanzi, 11 ni Uingereza.

Kutokana na vipimo hivi, msomaji aweza kulipima tangazo la "asilimia 100 zaidi". H7 halali haiwezi kuvuka lumeni 1,650. Kwa hiyo haiwezi kutoa nuru maradufu. Watengenezaji wazuri huufinyanga uzi uwe mwembamba na kuuweka mahali pake kwa usahihi mkubwa, ili mwanga mwingi zaidi uangukie sehemu fulani ya barabara. Ile asilimia hulinganisha sehemu hiyo na kiwango cha chini kabisa cha sheria. Faida ipo, ingawa si kubwa kama inavyotangazwa, na bei yake ni uhai mfupi wa globu. Hata hivyo, miongoni mwa zote zilizo mezani, hii ndiyo njia halali ya kupata nuru zaidi.

Globu ya wati 100 ni jambo jingine. Haikukusudiwa kwa barabara za umma. Taa mbili za wati 55 huvuta ampea 8 hivi. Zikiwa za wati 100 huvuta ampea 15. Kwa kuwa joto katika waya huongezeka kwa mraba wa mkondo wa umeme, waya uleule hupata joto zaidi ya mara tatu. Fyuzi hukatika, soketi huungua, na kiakisi cha plastiki huweza kuharibika umbo. Sheria ya Usalama Barabarani Na. 30 ya mwaka 1973 huhesabu kuendesha gari lenye kasoro kuwa kosa. Mwenye gari asilitie kasoro kwa mkono wake mwenyewe.

NURU INAYOPOTEA NJIANI

Mara nyingi tatizo haliko kwenye globu. Nuru ya uzi wa tangsteni hubadilika kwa haraka kuliko volti: volti zikipungua kwa asilimia 5, nuru hupungua kwa asilimia 16, zikipungua kwa asilimia 10, nuru hupungua kwa asilimia 30. Chukua mfano wa gari ambalo betri yake, injini ikiunguruma, inaonyesha volti 14, lakini kwenye soketi ya taa iliyowashwa zinafika volti 12.6 tu. Volti 1.4 zimeliwa na swichi iliyochakaa, viungo vyenye kutu na waya wa athi uliolegea. Karibu theluthi moja ya nuru imepotea, na hakuna globu halali itakayoifidia.

Hata ile globu ya wati 100 hujipunja yenyewe hapa: mkondo ukiwa mkubwa, volti zinazopotea kwenye ukinzani uleule huongezeka pia. Dawa yake ni fundi umeme wa magari kusafisha viungo, kukaza athi, na pengine kuweka rilei ili taa zipate umeme wake moja kwa moja kutoka kwenye betri. Tofauti kati ya betri na soketi ikiwa chini ya nusu volti, kazi ni njema.

Kadhalika kioo cha taa. Magari mengi ya siku hizi yana vioo vya plastiki, ambavyo miale ya jua huvifanya vya manjano na vyenye utandu. Utandu huo huzuia nuru kwenda mbele na kuitawanya pembeni. Kung'arisha kioo kwa msasa laini na kukipaka rangi ya kinga hurudisha nuru nyingi kwa gharama ndogo.

RANGI NA UKUNGU

Wapo waaminio kwamba mwanga wa manjano hupenya ukungu. Ufaransa ilidai taa za manjano kwa magari yake tangu miaka ya 1930 hadi mwaka 1993. Lakini matone ya ukungu yana upana wa mikrometa 10 hivi, ilhali mawimbi ya mwanga ni kati ya mikrometa 0.4 na 0.7. Matone makubwa kiasi hicho hutawanya rangi zote karibu sawasawa. Kinachomsaidia dereva wa Mufindi katika ukungu ni kuzima fulu, ambayo hurudi machoni kama ukuta mweupe, na kupunguza mwendo.

Globu ya buluu ina hasara mbili. Rangi iliyopakwa kwenye kioo humeza sehemu ya nuru, na mwanga wenye buluu nyingi huwakera zaidi macho wale wanaopishana nayo. Inaonekana kali, lakini barabara haioni faida.

LED NDANI YA TAA YA HALOJENI

Kiakisi cha taa kimechongwa kwa ajili ya uzi wa milimeta chache uliokaa mahali pamoja. Katika H4, chini ya uzi wa dimu, kuna hata kikombe kidogo cha bati kizuiacho mwanga usiende juu. Kifaa cha LED chenye vipande viwili vya nuru ubavuni hakina umbo hilo. Matokeo yake ni nuru nyingi karibu na gari, giza mbele, na mwanga uliotawanyika machoni mwa watu. Mwaka 2020 Ujerumani iliruhusu kwa mara ya kwanza LED ya kubadilishia, lakini kwa aina maalumu za magari zilizopimwa moja moja. Gari lililotengenezwa na taa za LED kiwandani ni jambo tofauti, kwa kuwa kiakisi chake kilichongwa kwa ajili hiyo.

JARIBIO LA UKUTANI

Jaribio lifuatalo laweza kufanywa shuleni, mwalimu akisimamia. Gari lisimamishwe kwenye uwanja tambarare, likitazama ukuta kwa umbali wa meta 10, breki ya mkono ikiwa imevutwa. Pimeni kimo cha katikati ya taa kutoka ardhini, mkakiandike kwa chaki ukutani. Washeni dimu. Kwa gari dogo la kawaida, ukingo wa juu wa mwanga uwe chini ya alama hiyo kwa sentimeta 10 hivi. Kisha wanafunzi watano wapande nyuma, au yapakiwe magunia ya viazi, na ukingo utazamwe tena. Utakuwa umepanda. Ndivyo gari lililosheheni nyuma linavyowapofusha wengine hata likiwa na globu halali.

Jaribio hilo litaonyesha pia kwamba dimu hupanda zaidi upande mmoja. Magari yatokayo Japani, ambako watu huendesha kushoto kama Tanzania, humulika ukingo wa kushoto, anakopita mtembea kwa miguu. Gari lililotengenezwa kwa nchi za kuendesha kulia humulika macho ya dereva anayekuja. Hapo dawa ni kubadili taa nzima.

Basi mwenye gari asianzie dukani. Aanze kwa kupima volti, kusafisha kioo na kulenga taa. Baada ya hapo anunue jozi ya globu zenye wati zilezile zilizoandikwa na kiwanda, nyeupe, zenye alama ya E, na azibadili zote mbili pamoja. Atakuwa amepata nuru yote ambayo sheria na fizikia zinamruhusu. Itakayobaki ni ile meta 14 iliyo chini ya mguu wake wa kulia, na yule mama mwenye nguo nyeusi anayetembea ukingoni mwa barabara anaitegemea zaidi kuliko globu yoyote.