Mfuatano wa Viwakilishi katika Sentensi za Kiingereza: Funzo kwa Mwalimu na Mkalimani

Miongoni mwa makosa ambayo walimu wa Kiingereza nchini Kenya huyasahihisha mara kwa mara ni lile la mwanafunzi kuandika "My mother is at home, he is cooking". Kosa hili huhesabiwa kuwa uzembe, na pengine mwanafunzi huchekwa na wenzake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba chanzo chake si uzembe. Kiingereza na Kiswahili huwafuatilia watu na vitu katika sentensi kwa njia mbili tofauti, na kila lugha hunyamaza pale ambapo nyenziwe husema. Asiyeutambua ukimya huo, awe mwanafunzi au mkalimani, huujaza kwa mazoea yake tu.

Hebu tuanze na sentensi ya kawaida, ya aina inayosikika kila siku nyumbani au ofisini:

(1) I told her he should give it to me himself.

Sentensi hii ina maneno kumi, na sita kati yake ni viwakilishi. Hata hivyo msikilizaji wa Kiingereza hapotei. Anajua kwamba aliyeambiwa ni mwanamke, anayetakiwa kutoa ni mwanamume, na kinachotolewa si mtu. Tukiifasiri kwa haraka twapata:

(2) Nilimwambia anipe mwenyewe.

Sentensi hii ni Kiswahili fasaha, lakini maana yake imebadilika. Msikilizaji wa (2) atadhani kwamba aliyeambiwa ndiye atakayetoa. Watu wawili wamekuwa mmoja, na kile kitu kimetoweka kabisa. Ili kuihifadhi maana ya (1), yatubidi tuseme: "Nilimwambia yule mama kwamba bwana yule mwenyewe anipe kitu hicho." Pale ambapo Kiingereza kiliridhika na viwakilishi, Kiswahili kimelazimika kutumia majina.

Sasa na tuzichunguze kanuni zinazouongoza mfuatano huu katika Kiingereza.

Kanuni ya kwanza ni ya umbo na mahali. Kiwakilishi cha mtenda hutangulia kitenzi na huwa na umbo lake: "I", "he", "she", "they". Kile cha mtendwa hufuata kitenzi, nacho huwa na umbo lingine: "me", "him", "her", "them". Katika Kiswahili kazi hii hufanywa na viambishi ndani ya kitenzi chenyewe. "Alimwona" ni neno moja lililobeba mtenda na mtendwa pamoja. Lakini Kiswahili sanifu hukubali kiambishi kimoja tu cha yambwa. Twasema "alinipa", wala hatuwezi kuingiza kiambishi cha kitu kilichotolewa kando ya "-ni-". Hii si sheria ya lugha zote za Kibantu, kwani Kinyarwanda, kwa mfano, huruhusu viambishi vya yambwa zaidi ya kimoja katika kitenzi kimoja. Hii ndiyo sababu ya "it" ya sentensi (1) kupotea katika (2).

Kanuni ya pili yahusu viwakilishi viwili vya yambwa vinapokutana. Wengi husema "give it to me". Wapo wasemao "give me it", na katika sehemu za Uingereza, hasa kaskazini, husikika "give it me". Kanuni iliyo karibu na hii ni ya vitenzi vilivyoambatana na neno dogo kama "up" au "off". Jina laweza kukaa mahali pawili: "switch off the light" au "switch the light off". Lakini kiwakilishi kina mahali pamoja tu: "switch it off". Kiwakilishi kisichokaziwa sauti hupenda kushikamana na kitenzi, jambo ambalo halipaswi kumshangaza Mswahili, kwa kuwa chake kimo ndani ya kitenzi tangu mwanzo.

Kanuni ya tatu ni ya adabu. Viwakilishi vinapounganishwa kwa "and", Kiingereza cha shuleni hutaka msemaji ajitaje mwisho: "you and I", "she and I". Katika mazungumzo ya kawaida Waingereza wengi husema "me and him", ijapokuwa walimu hulikemea jambo hilo. Sisi husema "mimi na wewe tutakwenda", na hakuna anayehisi kwamba msemaji amejitanguliza kwa kiburi. Mwanafunzi aandikapo "I and you will go" hajakosa adabu. Amefuata adabu ya lugha yake.

Kanuni ya nne yahusu kiwakilishi na jina kinalolirejelea. Kwa kawaida jina hutangulia, kiwakilishi kikafuata. Lakini si lazima iwe hivyo kila mara. Tulinganishe:

(3) When he arrived, Juma was tired.
(4) He said that Juma was tired.

Katika (3), "he" aweza kuwa Juma mwenyewe, ingawa kiwakilishi kimetangulia. Katika (4) hawezi, na aliyesema ni lazima awe mtu mwingine. Mwaka 1969 mwanaisimu Ronald Langacker alilieleza jambo hili hivi: kiwakilishi hakiwezi kulitangulia jina na papo hapo kulitawala katika muundo wa sentensi. Katika (3) kiwakilishi kimo ndani ya kishazi tegemezi, kwa hiyo hakina utawala juu ya jina. Katika (4) ndicho kiima cha sentensi nzima. Wazo hili liliendelezwa baadaye, na Noam Chomsky alilipa nafasi kubwa katika kitabu chake cha mwaka 1981. La kufurahisha kwetu ni kwamba viambishi vya Kiswahili havitofautiani na viwakilishi vya Kiingereza katika jambo hili. "Alipofika, Juma alikuwa amechoka" yaweza kumhusu mtu mmoja, lakini "Alisema kwamba Juma amechoka" yahusu wawili. Hapa mwanafunzi hahitaji kufundishwa jambo jipya.

Twafika sasa kwenye tofauti iliyo kubwa zaidi. Watu wawili wanapotajwa katika sentensi, Kiingereza huwatenganisha kwa jinsia. Kiswahili hakifanyi hivyo, kwani "a-" ni kwa mwanamume na mwanamke sawasawa. Lakini vitu viwili vinapotajwa, mambo hugeuka:

(5) I put the pot on the table and it broke.

Ni kipi kilichovunjika? Sentensi yenyewe haisemi. Mswahili hana taabu hiyo. Akisema "niliweka chungu juu ya meza kikavunjika", kilichovunjika ni chungu. Akisema "ikavunjika", ni meza. Ngeli zimefanya kazi ambayo "it" haiwezi. Hata hivyo kila lugha ina mpaka wake. Tukisema "niliweka kikombe juu ya kiti kikavunjika", tumerudi kwenye shaka, maana majina yote mawili ni ya ngeli moja. Kadhalika Kiingereza hutatizika wanaume wawili wanapotajwa: "Juma told Ali that he had lost his book."

Je, jambo hili lina uzito gani nje ya darasa? Katika Kenya sheria imeweka Kiingereza kuwa lugha ya Mahakama Kuu, na Kiingereza au Kiswahili kuwa lugha ya mahakama za chini. Ushahidi mwingi hutolewa kwa Kiswahili ukaandikwa kwa Kiingereza. Tuchukue mfano wa shahidi asemaye:

(6) Alimkuta akimpiga mtoto wake.

Mkalimani akitamka "He found her beating her child", ameamua mambo matatu ambayo shahidi hakuyatamka: kwamba aliyekuta ni mwanamume, kwamba aliyekutwa ni mwanamke, na kwamba mtoto ni wa mwanamke huyo, kwa maana huyo ndiye "her" atakayefikiriwa kwanza. Kumbe mtoto aweza kuwa wa aliyekuta, au wa mtu wa tatu. Hakimu asomaye maandishi hataiona shaka hiyo, kwa sababu Kiingereza kimeifunika. Mkalimani mwangalifu hana budi kuomba ruhusa ya mahakama ili shahidi aulizwe: nani alimkuta nani, na mtoto ni wa nani? Kuuliza hivyo si kukosa ujuzi. Ndio ujuzi wenyewe.

Tena ikumbukwe kwamba Kiingereza chenyewe kimepata kuutafuta ukimya wa "a-" yetu. Mwaka 1850 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyosema kwamba maneno ya jinsia ya kiume katika sheria zake yahesabiwe kuwa yanawahusu wanawake pia. Upande wa pili, wasemaji wa kawaida wamekuwa wakitumia "they" kwa mtu mmoja asiyejulikana tangu karne ya 14, na siku hizi matumizi hayo yamekubaliwa na wengi hata katika maandishi rasmi. Kwa hiyo sentensi "Kila mwanafunzi alete kitabu chake" yaweza kufasiriwa "Every student should bring their book", pasipo kumtoa msichana darasani.

Kutokana na haya, twapendekeza kwamba mwalimu asiishie kukata "he" kwa wino mwekundu. Amfundishe mwanafunzi kujiuliza, kabla ya kila kiwakilishi cha Kiingereza: huyu ni mwanamume au mwanamke? Ni mtenda au mtendwa? Jina lake limekwisha tajwa, na liko wapi? Maswali ya pili na ya tatu mwanafunzi huyajibu katika Kiswahili kila siku bila kujua. La kwanza ndilo geni kwake, kwa kuwa lugha yake haijawahi kumuuliza.