Unaendesha bodaboda? Jikinge na baridi, vumbi na wanyama barabarani

Mwenye gari ana bati, kioo na mkanda kati yake na barabara. Wewe dereva wa bodaboda, pamoja na abiria wako, mna nguo mlizovaa na kofia ngumu tu. Kwa hiyo mvua, baridi au mbuzi aliyekatiza ghafla, mambo ambayo kwa dereva wa basi ni usumbufu mdogo, kwako yanaweza kuishia wodini.

Leo tuangalie namna ya kuulinda mwili wako mwaka mzima, na nini cha kufanya unapokutana na mnyama njiani.

Masika na kipupwe

Nguo iliyolowa ikipigwa na upepo hunyonya joto la mwili haraka. Vidole hufa ganzi na mkono huchelewa kushika breki. Wanaoendesha Njombe, Makete na Mbeya mwezi Juni na Julai wanalijua hili vizuri. Vaa koti la mvua, glavu na viatu vilivyofunika mguu, na ukianza kutetemeka simama, badili nguo, unywe kitu cha moto. Pombe haisaidii. Inakufanya uhisi joto huku mwili ukizidi kupoa.

Madereva wengi huvaa koti mbele nyuma au huweka boksi kifuani kwa kuogopa nimonia. Kujikinga na upepo ni sahihi, lakini nimonia huletwa na vimelea. Upepo wa baridi unaweza kuamsha pumu kwa mwenye nayo. Ukiwa na kikohozi chenye homa, maumivu ya kifua au kupumua kwa shida, usiongeze koti ukadhani umejitibu, nenda ukapimwe. Kikohozi kilichozidi wiki mbili kinahitaji kipimo cha kifua kikuu.

Kiangazi na vuli

Kwenye jua kali unapoteza maji bila kuona jasho, kwa sababu upepo hulikausha. Kichwa kuuma, kizunguzungu na mkojo wa rangi nzito ni dalili kwamba maji yamepungua. Beba chupa ya maji.

Vumbi likiingia jichoni usisugue; osha kwa maji safi mengi. Mvua za kwanza za vuli huleta kumbikumbi na wadudu wengine wanaofuata taa usiku. Teremsha kioo cha kofia, na kama kimechakaa kwa mikwaruzo, kibadilishe.

Mnyama akikatiza

Barabara kuu ya Morogoro hadi Iringa hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa Mikumi kwa kilomita kama 50. Tembo, nyati, twiga na nyani huvuka hapo. Kwingineko utakutana na ng'ombe, mbuzi, punda na mbwa, na hao nao wanaweza kukuangusha.

Fanya hesabu. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa unakwenda mita 22 kila sekunde. Kwa kilomita 50 unakwenda mita 14. Kutoka jicho kuona hadi mkono kushika breki hupita sekunde moja au zaidi. Punguza mwendo hasa alfajiri, jioni na usiku. Ukiona mnyama mmoja amevuka, tarajia wa pili nyuma yake.

Ukiona tembo simama mbali, usipige honi, na usijaribu kupenya kati ya mama na mtoto. Nyani usiwape chakula. Wakizoea, watakusubiri barabarani.

Ukiumwa na mbwa, nyani au mnyama mwingine wa porini, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa. Dalili za ugonjwa huu zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufariki. Usisubiri kuona kama mbwa atakufa.

Nyoka

Kifutu hupenda kulala kwenye lami yenye joto usiku. Nyoka aliyekanyagwa na tairi anaweza kujirusha na kuuma mguu, na kandambili haikingi chochote. Hata akionekana amekufa, usimshike.

Ukiumwa, tulia. Vua pete, viatu na chochote kinachobana. Funga mguu kwa gongo au ubao ili usichezechezeshwe, na usitembee. Usichanje, usinyonye, usipake mafuta ya taa, wala usipoteze muda kwa jiwe la nyoka. Kamba iliyokazwa huzuia damu, na nimeona mguu ambao ungepona ukiharibika kwa sababu ya mpira wa baiskeli uliofungwa kwa saa nyingi.

Kama usafiri pekee ni pikipiki, mgonjwa akae katikati na mtu mwingine amshike kwa nyuma. Hapo mshikaki unaokoa maisha. Swila akikutemea machoni, osha kwa maji mengi kisha uende hospitali.

Kofia ngumu

Uchambuzi wa tafiti nyingi umeonyesha kuwa kofia ngumu hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini isipofungwa kidevuni huruka kabla kichwa hakijagusa lami, na iliyotundikwa kwenye usukani haimkingi mtu.

Abiria, nawe dai yako. Ukiona ni chafu, vaa kitambaa ndani yake.

Na ukimkuta mtu ameanguka, usimnyanyue kwa kumvuta mikono wala kumvua kofia kwa pupa kama anapumua vizuri. Huenda shingo imevunjika. Tuliza kichwa na shingo, zuia damu kwa kukandamiza kitambaa safi, kisha ita msaada. Aliyepoteza fahamu hata kwa muda mfupi, anayetapika au anayesinzia isivyo kawaida apelekwe hospitali, hata kama anasema yuko salama.